Moshi, mazuku na kifua cha mtoto

Mtu akitaja hewa mbaya hapa Goma, macho yote yanageukia mlima. Ni haki yetu. Nyiragongo ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, ukalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 tukabeba tena watoto mgongoni na magodoro kichwani. Kila familia ina hadithi yake ya kukimbilia Gisenyi, Sake au Bukavu. Ndiyo maana tukiona moshi mnene juu ya kilele, au usiku mbingu ikiwa nyekundu upande ule, simu zinaanza kulia mtaa mzima.

Lakini kuna moshi mwingine ambao hakuna anayempigia mwenzake simu juu yake. Unatoka kwenye babula, asubuhi na jioni, siku zote za mwaka, na mtoto yuko mgongoni mwa mama anayepuliza moto. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu milioni 3,2 duniani, na kati yao zaidi ya 237.000 walikuwa watoto wasiofikisha miaka 5. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima. Lakini inahesabu hasa nchi kama yetu, ambako karibu kila sufuria inapikwa kwa kuni au makala.

Wiki hii tunaandika juu ya hewa hizo zote, ya mlimani na ya jikoni pamoja, kwa sababu zina jambo moja zinazofanana: zinamkuta mdogo kwanza. Mtoto anatambaa chini, na kuna gesi nzito zinazotulia chini. Mtoto anakaa karibu na moto kwa sababu mama yuko pale. Tena anapumua haraka kuliko sisi. Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Mtoto mchanga anavuta mara 40 na zaidi. Mkikaa wawili jikoni kwa saa moja, kifua chake kidogo kimemeza hewa ile mara nyingi kuliko chako.

Moshi unafanya nini ndani ya kifua

Darasani tunawaeleza wanafunzi hivi. Pua ina vinywele na kamasi za kuzuia vumbi. Vumbi la barabara yetu nyeusi, lile linaloonekana kwa macho, sehemu kubwa linakwama puani, ndiyo maana ukipenga jioni unaona weusi. Moshi ni kitu kingine. Ndani yake kuna punje ndogo sana. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko punje hiyo mara 30 hivi. Pua haiwezi kuizuia. Inashuka kwenye koo, inapita kwenye mirija, mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya mwisho vya mapafu ambako hewa safi inaingia katika damu. Inakaa pale, inaleta uvimbe, na inadhoofisha askari wa mwili wanaopigana na vijidudu.

Kwa hiyo moshi haumpi mtoto nimonia moja kwa moja, ile ambayo wengi wetu tunaiita kichomi. Nimonia inaletwa na vijidudu. Kazi ya moshi ni kufungua mlango. OMS inasema mtoto anayeishi katika moshi wa jikoni ana hatari karibu mara mbili ya kupata ugonjwa huo wa mapafu kuliko asiyeishi ndani yake. Mwenye pumu, au asima, moshi unambana mirija siku hiyohiyo. Mama mwenye mimba anayevuta moshi kila siku anaweza kuzaa mtoto mwenye kilo pungufu. Na mama mwenyewe, baada ya miaka 20 au 30 ya kupuliza moto, anaanza kukohoa asubuhi, kisha kukosa pumzi akipanda ngazi za kanisa, na watu wanasema ni uzee. Mara nyingi si uzee. Ni mapafu yaliyochoka kwa moshi, sawa na ya mtu aliyevuta sigara maisha yake yote, na yeye hajawahi kugusa hata moja.

Sisi tulio walimu tunaona sehemu ya jambo hili katika daftari la mahudhurio. Msimu wa mvua ukifika, watu wanapika ndani na madirisha yanafungwa, na darasa zima linakohoa. Wale wadogo wa mwaka wa kwanza ndio wanaokosa siku nyingi zaidi.

Makala yasiyo na moshi

Hapa tuongee polepole, kwa sababu jambo hili linaua usiku mmoja.

Wengi wetu tuliacha kuni tulipofika mjini, tukachukua makala, na tukafurahi kwa kuwa hayatoi moshi kama kuni. Ni kweli, yakishika vizuri moshi ni kidogo. Lakini makala mekundu yanayowaka polepole yanatoa gesi ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiumizi macho. Waganga wanaiita monoksidi ya kaboni. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa hewa safi na haitoki upesi. Mwili unakosa hewa ingawa unaendelea kuvuta pumzi, na mtu aliyelala haamki.

Goma iko juu, karibu mita 1.500, na usiku wa mvua kuna baridi. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, chumba kimoja au viwili, na tunaziba nafasi za mbao kwa makaratasi na vitambaa ili upepo usiingie. Halafu mtu anaingiza babula ndani. Labda ni kwa sababu maharagi hayajaiva na mvua imeanza. Labda ni mzazi aliyetoka hospitali na mtoto mchanga, na bibi anasema chumba kipate joto. Labda ni kwa kuogopa wezi, maana babula nzuri ikibaki nje haionekani tena asubuhi. Sababu zote hizo tunazielewa. Lakini babula yenye moto ndani ya chumba kilichofungwa ambamo watu wamelala ni hatari ya kufa, na tunaomba kila mama anayesoma amwambie jirani yake asiyesoma.

Kuyafunika makala kwa majivu hakutoshi. Chini ya majivu yanaendelea kuungua, na gesi inaendelea kutoka. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi pia. Babula ibaki nje mpaka izime kabisa. Kama ni lazima iingie kwa ajili ya wezi, mwagia makala maji kwanza, uyaanike kesho yake; hayapotei. Mtoto mchanga apate joto la mwili wa mama, kifua kwa kifua, na kofia, na blanketi. Joto hilo linamtosha, na halina gesi.

Dalili zake zinafanana na malaria, ndiyo maana zinatudanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Tofauti ni kwamba zinawashika watu wote wa nyumba pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu kidogo. Ukiona hivyo usianze kutafuta dawa ya kichwa. Fungua mlango, toa watu wote nje kwenye upepo, anza na watoto, kisha nendeni kituo cha afya hata kama mnajisikia vizuri. Mama mwenye mimba aende bila kubishana, kwa sababu mtoto wa tumboni anaumia kuliko yeye.

Na kabla hatujaacha makala: tuache kuwashia kwa sasheti, vipande vya ndoo ya plastiki au raba ya viatu. Tunajua inashika haraka. Ule moshi mweusi una sumu ambazo kuni peke yake hazina, na anayewasha mara nyingi ni msichana wa miaka 9 au 10 tuliyemtuma. Vipande vidogo vya mbao kavu au majani makavu ya mahindi vinafanya kazi ileile.

Mazuku

Wageni wakija wanashangaa kusikia kwamba shimo tupu linaweza kuua. Sisi wakaaji tunalijua neno mazuku tangu utoto. Lakini kulijua neno si kujua kitu chenyewe, na kuna mambo yanasemwa juu yake ambayo yanaweza kumpoteza mtu.

Mazuku si pepo, wala si mtu aliyetumwa. Ni gesi inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano, hasa upande wa magharibi wa mji na kando ya ziwa kuelekea Sake, kama kule Bulengo na Lac Vert. Jina lake ni gesi kabonika, ileile tunayoitoa kinywani tukipumua, lakini pale ni nyingi mno. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi. Inatiririka kama maji, inajaza mabonde na mashimo, na inatulia pale hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua. Ndiyo maana mtu anaweza kupita mahali saa sita mchana bila shida, na mwenzake akafia hapohapo saa kumi na moja alfajiri.

Sasa fikiria mtu mzima na mtoto wamesimama pamoja kando ya shimo ambalo gesi imefika kwenye kiuno cha mkubwa. Mkubwa anapumua. Mtoto kichwa chake kiko ndani. Mbuzi yuko ndani. Mama akiinama kuchuma majani au kukata kuni, naye ameingia. Ajali nyingi za mazuku zinaenda namna hiyo: mtoto aliyefuata mbuzi au mpira, mwanamke aliyeinama, na baada yao mtu wa tatu aliyeruka kuwaokoa akaanguka juu yao.

Mwalimu angependa jambo hili lieleweke vizuri: kuna wanaosema chukua kiberiti au taa, ikizima hapo kuna mazuku. Usijaribu. Moto unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo gesi tayari inatosha kumdhuru mtoto. Tazama ardhi badala yake. Panzi waliokufa, mjusi, ndege mdogo au panya wamelala bila jeraha, majani yaliyokauka mahali pamoja tu wakati pembeni ni kijani: usishuke, na usimtume mtu. Kikwembe kilicholowa maji mdomoni hakizuii gesi hii. Kinasaidia kwa vumbi na majivu tu. Mtu akianguka shimoni, piga kelele, mvute kwa kamba au mti mrefu kama unamfikia ukiwa juu. Kuingia kumfuata ni kuongeza maiti.

Familia zinazojenga upya, au zinazosimamisha shitingi kwenye uwanja mgeni, waulize wazee wa pale kabla ya kuchagua mahali. Wenyeji wanayajua mashimo yao moja moja. Mtoto asilale chini mahali pa bonde. Kitanda cha mbao, hata kifupi, ni kitu kikubwa.

Kwa moshi wa mlima wenyewe tuseme machache. Unabeba gesi ya kiberiti inayokera koo na macho na kuwabana wenye pumu. Siku ambayo upepo unauleta mjini na harufu inasikika, mwenye pumu abaki ndani na dawa yake iwe karibu. Majivu yakianguka, funika mdomo na pua kwa kitambaa, funika bidoni na matangi ya maji ya mvua, na lowesha uwanja kabla ya kufagia. Kufagia kwa kulowesha kwanza kungefaa kila siku, hata mlima ukiwa umetulia, kwa sababu vumbi letu hapa ni mawe yaliyosagwa. Na lava ikishuka, usivuke juu yake eti imeshakuwa nyeusi. Mwaka 2021 wako waliokufa kwa kukosa hewa walipokuwa wakiikatisha ili kurudi nyumbani.

Kupika bila kuvuta moshi, kwa mfuko tulionao

Vitabu vya afya vinasema: tumia umeme au gesi. Ni kweli, ndiyo dawa yenyewe. Tangu mwaka 2015 kuna umeme wa mtambo wa Matebe, kule Rutshuru, na baadaye umefika sehemu fulani za mji wetu. Anayeweza kupika maharagi kwa umeme hata mara moja kwa siku amefanya jambo kubwa. Gesi ya chupa ipo pia. Lakini mama anayenunua makala kwa kopo, ya leo kwa ajili ya leo, ukimwambia anunue chupa ya gesi umemtukana. Kwake tuanze na mengine.

La kwanza ni mahali. Moto ule ule, ukiwa nje, unadhuru kidogo sana kuliko ukiwa ndani. Shida ni mvua, na shida nyingine ambayo hatupendi kuisema: nje jirani anaona sufuria yako ina nini, au kwamba leo haina kitu. Hilo linawafungia wamama wengi ndani na moshi wao. Tumeliongea kwenye kikundi bila kuonea haya, na wazo lililokubaliwa na wengi ni la kipaa. Nguzo nne, mabati machache juu, bila kuta, au ukuta mmoja wa upande wa upepo. Familia nne au tano za parseli moja wanapika chini yake kwa zamu au pamoja. Fedha za mabati ni za kiasi ambacho likelemba ya watu kumi inaweza kufikia kwa mizunguko michache, na mwenye nyumba kwa kawaida hakatai kitu kinachobaki kwake. Msiache kuongea naye kwanza.

La pili ni muda. Maharagi yaliyolala ndani ya maji usiku kucha yanaiva mapema zaidi kuliko makavu. Maji ya kulowekea yanamwagwa. Sufuria ifunikwe. Vitu vidogo hivi vinapunguza makala, na fedha zinazobaki unaziona mwisho wa wiki. Babula bora, ile yenye udongo ndani ya chuma, inashika joto na kula makala kidogo. Lakini tusidanganywe na jina: makala ni makala, na gesi yake ni ileile. Haingii chumbani.

La tatu ni mtoto mwenyewe. Wakati wa kuwasha moto, dakika zile za mwanzo zenye moshi mwingi, mgongo wa mama si mahali pake. Akae kwa dada yake, kwa baba yake, kwa jirani, upande ambao upepo unatoka. Ndiyo, tumesema kwa baba yake. Mtu aliyerudi nyumbani na anayesubiri chakula ana mikono miwili. Na kama baba ana sigara, aivutie barabarani.

Kuhesabu pumzi

Somo hili ni la dakika moja na kila mama anaweza kulifanya, hata aliyesoma miaka miwili tu. Mtoto anakohoa. Je, ni mafua au ni nimonia? Joto la mwili halitoshi kukuambia, kwa sababu hata malaria inaleta joto. Pumzi inakuambia.

Subiri mtoto atulie. Akiwa analia au ananyonya, hesabu si ya kweli. Mpandishe nguo mpaka uone tumbo na kifua. Chukua simu yenye saa, au mtu mwingine atazame saa. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu na kuzidisha. Kama ulipotea, anza upya.

Mtoto asiyefikisha miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika, ni haraka mno. Kuanzia miezi 2 mpaka asiyefikisha mwaka: 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 mpaka asiyefikisha miaka 5: 40 au zaidi. Tunaomba namba hizi tatu, 60, 50, 40, ziandikwe kwa makala ukutani, mahali pa kuonekana. Kwa mara moja, makala yatakuwa yamesaidia kifua.

Ukipata namba hizo, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo. Usingoje kesho, usipitie kwanza kwa muuza dawa wa kona. Na kuna dalili ambazo hazingoji hata kuhesabu: akivuta pumzi na sehemu ya chini ya kifua inazama ndani; hawezi kunyonya wala kunywa; anatapika kila kitu; anashikwa na degedege; analegea na haamki vizuri. Huyo anaondoka sasa hivi, hata kama ni usiku. Mtoto asiyefikisha miezi 2 akiwa na dalili yoyote ya kifua, hivyohivyo.

Nimonia iliyojulikana mapema inatibika kwa kidonge cha amoksisilini kinachoyeyuka katika maji, dawa ambayo si ghali. Nimonia iliyocheleweshwa inataka oksijeni, na oksijeni haiko kila mahali.

Kinachochelewesha mara nyingi si umbali. Ni yale tunayofanya kwanza. Bado kuna watoto wanaopelekwa kukatwa kilimi ili kikohozi kiishe. Bado kuna wanaochanjwa kwa wembe kifuani na kupakwa dawa nyeusi. Mabibi zetu walifanya hivyo kwa upendo, hatuwatukani. Lakini kilimi hakileti kikohozi; ukikikata, mtoto anatoka damu, anaweza kupata pepopunda, na siku mbili za kupona zimepotea wakati nimonia inaendelea kazi yake ndani. Chai ya moto yenye asali kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja haina ubaya, inatuliza koo. Chini ya mwaka asali hapana. Chini ya miezi 6, maziwa ya mama tu.

Chanjo pia ni ulinzi wa kifua, ingawa wengi wanafikiri ni ya polio na surua tu. Katika nchi yetu chanjo ya pneumokoki, kijidudu kinacholeta nimonia nyingi, ilianza kutolewa mwaka 2011. Inatolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, siku moja na ile chanjo ya magonjwa matano. Ya surua ni kwenye miezi 9, na surua nayo inaua kwa kupitia mapafu. Tazameni kadi za watoto leo jioni. Aliyepitwa na tarehe bado anapokelewa. Muuguzi akigomba kidogo, mvumilieni, chanjo ipatikane.

Tulipoongea haya kwenye kikundi, mama mmoja wa makamo aliuliza: na sisi tunaokohoa miaka yote, tunahesabiwa wapi? Swali lake ni la haki, kwa sababu kurasa hizi zinazungumza watoto, watoto, na mama anabaki na kifua chake. Jibu ni kwamba kikohozi kilichopita wiki mbili kisiitwe moshi kabla hakijapimwa. Kinaweza kuwa moshi, kinaweza kuwa kifua kikuu, na kwa masikio havitofautiani. Nenda na makohozi ya asubuhi kwenye kituo cha afya kinachopima. Dawa za kifua kikuu katika Kongo hazilipwi. Ikiwa si kifua kikuu, mganga asikilize mapafu, na umwambie wazi umepika kwa kuni au makala miaka mingapi, kwa sababu yeye asipoambiwa hataandika.